Duka la kauri za kale Iringa mjini: ukaguzi wa bakuli la baba, sahani niliyonunua na buli nililorudisha

Mwezi Julai nilisafiri kutoka Mafinga hadi Iringa mjini nikiwa nimelipakata bakuli la marehemu baba yangu, limeviringishwa kwa khanga mbili na kutiwa ndani ya ndoo ya plastiki, kwa lengo moja tu la kujua hali yake halisi kabla ndugu hatujakaa kuamua liende kwa nani. Baba alikuwa mpishi katika nyumba ya meneja wa shamba la chai huko Mufindi, na mwaka 1974, mwajiri wake alipohama nchini, alimwachia bakuli hilo pamoja na meza ya mninga na saa ya ukutani ambayo haikuwahi kwenda. Kwa miaka yote hiyo sisi watoto tumekuwa tukiambizana kwamba bakuli lile ni zima, halina hata alama. Neno hilo "zima" ndilo lililonifikisha dukani, na ndilo ambalo sitalitumia tena ovyo ninapozungumzia chombo cha kauri.

Duka lenyewe liko hatua chache kutoka Soko Kuu, katika chumba chembamba kilichobanwa kati ya duka la vitambaa na fundi wa simu, na halina kibao kikubwa. Nilishuka Ipogolo nikapanda daladala kuelekea mjini juu, kisha nikauliza mara mbili njiani kabla sijalipata. Mwenye duka ni mama wa makamo anayekusanya vyombo vya zamani kutoka katika nyumba za mashamba ya Mufindi na Dabaga, kutoka kwa familia za wafanyabiashara wa mjini na wakati mwingine kutoka kwa watu kama mimi. Nilimwamkia kwa "kamwene", akaitika, akanipa kigoda na kulipokea lile furushi kwa mikono miwili. Anauza, ananunua na anakagua, na ukaguzi anautoza shilingi 15,000 kwa chombo kimoja, ziwe zimepatikana habari njema au mbaya. Nilipoisikia bei hiyo niliona ni kubwa. Baada ya dakika arobaini nilikuwa nimebadili mawazo.

Ili msomaji aelewe nililolipia, ni lazima nieleze kidogo jinsi chombo cha aina hii kilivyotengenezwa. Kauri yenye nakshi za enameli ina matabaka matatu. Kuna mwili, yaani udongo mweupe wa kaolini uliochanganywa na jiwe lililosagwa na kuchomwa kwa joto la karibu nyuzi 1,300 za Selsiasi hadi ukawa mgumu na wenye kupitisha mwanga. Kuna utando wa kioo unaoufunika mwili huo, ambao wafinyanzi huuita glezi. Na juu ya glezi kuna rangi zenyewe, yaani enameli, ambazo ni unga wa kioo uliotiwa madini, ukapakwa kwa brashi na kurudishwa tanurini kwa joto dogo zaidi, kiasi cha nyuzi 700 hadi 850. Sahani za buluu na nyeupe ambazo wengi wetu tumeziona huchorwa chini ya glezi, hivyo mchoro wake unalindwa na kioo. Enameli imekaa juu, haina cha kuikinga, na kila kijiko, kila kitambaa cha kufutia na kila limau huigusa moja kwa moja. Ni jamaa wa ile enameli iliyoko kwenye vikombe vya bati tunavyonywea uji. Tofauti ni kwamba kwenye bati unga wa kioo umeyeyushiwa juu ya chuma, na huku umeyeyushiwa juu ya kioo kingine.

Kwa sababu hiyo, chombo kinaweza kuwa na mwili mzima na rangi iliyokufa, au rangi inayong'aa juu ya mwili uliopasuka. Muuzaji anayesema "ni zima" hajakwambia anazungumzia tabaka lipi. Mama huyu hulitaja kila tabaka peke yake, kwa maandishi, na nadhani ndiyo sababu kuu ya mtu kufunga safari kwenda kwake.

Alianza kwa kulisikiliza bakuli. Aliliweka juu ya ncha za vidole vya mkono wa kushoto, bila kulishika pembeni, akaligonga ukingoni kwa kifundo cha kidole. Kila mama aliyewahi kununua chungu cha Wakisi kutoka Ikombe au Matema anaijua hatua hii, kwa kuwa chungu chenye ufa hakifichiki kikigongwa. Kauri isiyo na ufa hulia kama kengele ndogo na mlio wake hukaa hewani kwa muda. Bakuli la baba lililia vizuri mwanzoni, kisha mlio ukakatika ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo. Hakusema kitu. Aliligonga tena upande wa pili, akainamisha kichwa, akaandika neno moja kwenye daftari lake.

Baadaye alilipeleka dirishani na kuliinamisha mpaka mwanga wa asubuhi ukalipiga kutoka ubavuni. Sijawahi kuliona bakuli lile namna ile. Nakshi zake zimegawanyika katika vyumba vinne, viwili vikiwa na watu walioketi barazani na viwili vikiwa na ndege na maua, na nafasi zote za katikati zimejazwa majani ya kijani na maua ya peoni ya rangi ya waridi juu ya vumbi la dhahabu. Ukilitazama kwa mbele, yote yanameremeta. Kwa mwanga wa ubavuni niliona kwamba dhahabu ya ukingoni imebaki kama theluthi moja tu, na kwamba ndani, mahali ambapo wali wa sikukuu ulikuwa ukipakuliwa mwaka hadi mwaka, kuna mamia ya mikwaruzo myembamba iliyoifanya rangi ya kijani ipauke. Mama alinieleza kuwa dhahabu huchomwa mwishoni kabisa na kwa joto dogo kuliko rangi nyingine, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kuondoka. Kufutika kwake kwenye ukingo na kwenye mishikio ni uchakavu wa kawaida wa matumizi, na hata humpa mnunuzi faraja, kwani dhahabu iliyojaa kila mahali kwenye chombo kinachosemekana kina miaka mia inapaswa kumfanya ajiulize.

Alinionyesha pia, kwenye jani moja la buluu, mng'aro hafifu wa rangi za upinde wa mvua uliolizunguka jani kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Enameli za zamani zenye madini ya risasi huota mng'aro huo kadiri uso wa kioo unavyochakaa kwa hewa na unyevu. Ni dalili njema ya umri, alisema, ila si ushahidi, kwa kuwa waghushi wanajua kuutengeneza kwa tindikali. Nilipenda kwamba aliongeza sentensi hiyo ya pili bila kuulizwa.

Ufa ulipatikana kwa tochi ya kawaida. Aliiweka nyuma ya ubavu wa bakuli chumba kikiwa kimefungwa pazia, na kauri ikawaka kwa mwanga wa rangi ya maziwa, na katikati ya mwanga huo ukaonekana mstari mweusi mwembamba kama unywele, ukishuka kutoka ukingoni kwa urefu wa sentimita tano na kupinda kidogo mwishoni. Aliupima kwa rula. Kisha alifanya jambo ambalo sikulitarajia: alitafuta mahali pa pigo. Chombo kilichogongwa au kuangushwa huacha alama pale kilipopigwa, mmeguko mdogo au nyufa fupi zilizotawanyika kama miguu ya buibui, na kwenye kitako mara nyingi hutokea ufa wenye umbo la nyota. Kwenye bakuli letu hapakuwa na alama yoyote ya namna hiyo. Alinionyesha vilevile kwamba ufa si wa tanurini, maana ufa wa tanurini glezi hutiririka ndani yake na kuilainisha midomo yake, ilhali huu ulikuwa na midomo mikali na umekwishanyonya uchafu wa rangi ya chai. "Huu ni wa joto, mwanangu," alisema. "Bakuli lilikuwa la baridi, likatiwa kitu cha moto." Nilimjibu kwa heshima kwamba kwetu bakuli lile halikuwahi kutiwa kitu cha moto, ni la wali uliokwisha poa na la matunda. Hakubishana nami. Aliandika alichokiona.

Kuhusu vidole, nadhani sisi wa nyanda za juu tuna bahati ambayo watu wa Dar es Salaam hawana. Asubuhi ya Julai, Iringa, kauri huuma kwa ubaridi kama jiwe la mtoni. Mama alinishika mkono, akanipitisha kidole cha shahada kuzunguka ukingo wote taratibu, na mahali fulani, kwa upana wa ukucha wa dole gumba, ubaridi ukakoma. Pale palikuwa na uvuguvugu, na ulaini wa nta. Nilirudia mara tatu nikiwa nimefumba macho, na mara zote tatu kidole changu kilisimama palepale. Ukingo ulikuwa umemeguka zamani, ukajazwa kitu kama gundi ngumu, na juu yake ikapakwa rangi kufuatisha ua la jirani.

Kwa lenzi ya mkono inayokuza mara kumi tofauti ilikuwa wazi hata kwangu mimi nisiye mzoefu. Peoni za kweli zimeinuka juu ya glezi kama matone yaliyoganda, na ndani yake kuna vipovu vidogo sana vya hewa vilivyonaswa tanurini. Rangi yao ya waridi hutokana na chembe ndogo mno za dhahabu zilizosambazwa ndani ya kioo, ufundi ulioenea China katika miaka ya 1720, na ndiyo maana ina kina, kama divai ndani ya bilauri. Ua la ukingoni lilikuwa bapa, halina kipovu hata kimoja, na lilionyesha michirizi ya brashi. Alimalizia kwa taa ya urujuanimno, ileile ambayo karani wa benki huitumia kukagua noti: bakuli lote likawa zambarau iliyokolea, na lile ua, pamoja na kipande cha kijani kilicho pembeni yake ambacho sisi sote wawili hatukuwa tumekishuku, vikatokea kwa rangi ya maziwa iliyochanganyika na manjano. Rangi zilizotiwa bila tanuri huwa na utomvu au vanishi, na nyingi kati ya hizo hung'aa tofauti chini ya taa hiyo. Zipo za kisasa zisizojitokeza, naye alilisema hilo pia, ndiyo sababu taa hutumika mwisho, baada ya sikio, jicho na kidole, wala haichukui nafasi yake.

Nakiri kwamba niliumia. Ua lile ndilo nililolipenda tangu utotoni, kwa sababu lilikuwa zito na jekundu kuliko mengine.

Kuhusu umri alikuwa mfupi, na nilimheshimu kwa ufupi wake. Kwenye kitako kuna neno CHINA kwa herufi nyekundu za Kilatini. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilizilazimu bidhaa zinazoingia nchini humo kuandikwa jina la nchi zilikotoka, na tangu hapo alama za aina hiyo zikawa za kawaida kwenye kauri za biashara. Kwa hiyo bakuli letu halina uwezekano mkubwa wa kuwa la kabla ya muongo huo. Mtindo wa vyumba vya watu na maua ni wa Guangzhou, ambako vyombo vyeupe vilivyochomwa Jingdezhen, huko Jiangxi, vilisafirishwa ili vikachorwe na kuuzwa kwa wageni. Zaidi ya hapo alikataa kusema. Alikataa pia kutaja bei ya soko, akaeleza kwamba yeye ni mnunuzi na muuzaji, na mtu anayenunua hapaswi kumpangia thamani mwenye mali.

Mwisho nilipewa kadi iliyoandikwa kwa kalamu. Mwili: ufa mmoja wa joto, sentimita 5, kutoka ukingoni, haujatengenezwa. Ukingo: pengo moja lililojazwa na kupakwa rangi bila tanuri, sentimita 1.2. Glezi: vitobo viwili na doa moja jeusi vya tanurini, si hitilafu ya matumizi. Enameli: mikwaruzo mingi ndani, hakuna kubanduka. Dhahabu: imebaki theluthi moja ukingoni. Marekebisho: ua moja na jani moja. Ninaiona kadi hii kuwa kazi iliyotukuka. Ina vipimo, inatofautisha kosa la mfinyanzi na kosa la mtumiaji, na mtu aliye Mbeya au Songea anaweza kuisoma akaliona bakuli bila kulishika. Ila chini kabisa, kwa sababu nisiyoielewa, ameongeza mstari wa "hali kwa jumla: nzuri". Mstari huo ufutwe. Mtu mwenye haraka atausoma huo peke yake, na kazi yote ya juu itakuwa imepotea.

Siku hiyohiyo nilinunua sahani moja kwa shilingi 180,000, baada ya kumwomba punguzo la 20,000 na kulipata. Ni sahani ya Kijerumani yenye maua yaliyochorwa kwa mkono, na nyuma yake ina panga mbili za buluu zilizopishana, alama ambayo kiwanda cha Meissen, kilichoanzishwa mwaka 1710 karibu na Dresden, kimeitumia tangu miaka ya 1720. Alama hiyo imeigwa na viwanda vingi, na kadi ya duka imeandika kwa uangalifu "panga mbili, kwa mtindo wa Meissen", haikuandika Meissen moja kwa moja. Juu ya panga kuna mkato mmoja uliokwaruzwa kwenye glezi. Niliuona kama uharibifu, nikataka kuudai kwenye bei, lakini nilielezwa kwamba kiwanda chenyewe kilikuwa kikiikata alama yake namna hiyo kwenye vyombo ambavyo havikufikia daraja la kwanza, ili viuzwe bila kudanganya mtu. Ubora wa siku ya kwanza ni jambo moja, na hali baada ya miaka ni jambo jingine. Sahani hii ilizaliwa daraja la pili, ikatunzwa kama ya kwanza. Nimeikagua nyumbani kwa hatua zote nilizofundishwa na sijapata neno moja la kadi lililopotoka.

Siwezi kusema hivyo kuhusu buli. Nililinunua wiki mbili baadaye kwa shilingi 95,000, buli dogo la maua lenye mfuniko wake, na kadi iliandikwa kuwa mdomo haujaguswa. Asubuhi moja ya baridi nilipolishika ili kulifuta, ncha ya mdomo ilikuwa na uvuguvugu uleule niliofundishwa kuutambua. Nilitazama kwa lenzi ya kusomea ya mama yangu, nikaona ukomo wa rangi ukiwa umejificha ndani ya kivuli cha jani. Mdomo wa buli ndio sehemu inayovunjika kwanza kuliko zote, na ndio sehemu ambayo mkaguzi anapaswa kuitilia shaka kabla ya nyingine yoyote. Nililirudisha. Mwenye duka aliligusa, akanyamaza kidogo, akakubali kosa pasipo kunizungusha: siku alipolikagua umeme ulikuwa umekatika, hakutumia taa, na aliamini macho. Alinirudishia fedha zote papo hapo. Nauli yangu ya kwenda na kurudi hakuirudisha, nami sikuidai, ingawa naamini ingekuwa haki. Jambo ninaloliona zito zaidi ni kwamba kadi ya buli haikusema kuwa ukaguzi ulifanyika bila taa. Kadi inapaswa kutaja njia zilizotumika, si matokeo pekee, na nilimwambia hivyo. Alikubali, na kadi mbili nilizoziona baadaye dukani zilikuwa na mstari huo.

Kuna hitilafu nyingine ambayo bado haijarekebishwa na inaniuma kila nikiingia pale. Sahani zimepangwa rafuni zikiwa zimebebana, moja juu ya nyingine, bila kitu katikati. Pete ya kitako cha kauri mara nyingi haina glezi, ni udongo mkavu wenye ukali wa msasa, na kila sahani inapovutwa kutoka kwenye rundo, pete yake inakwangua enameli ya sahani iliyo chini. Niliiona sahani moja yenye duara kamili la mkwaruzo mpya katikati ya ua. Mtu anayejua kuandika "mikwaruzo mingi ndani" kwenye kadi ya mteja hapaswi kuiongeza mikwaruzo hiyo yeye mwenyewe. Kipande cha flana au karatasi laini kati ya sahani na sahani kingetosha. Ufungaji nao ni wa magazeti matupu. Wino wa gazeti huhamia kwenye ufa na kwenye dhahabu iliyochakaa, na barabara ya kwenda Mafinga au Njombe inahitaji zaidi ya karatasi. Nendeni na khanga zenu.

Ushauri wa utunzaji aliutoa bure, na ulikuwa wa maana. Chombo kioshwe kwa maji vuguvugu na sabuni laini, kimoja kimoja, ndani ya beseni la plastiki lililotandikwa kitambaa, na kisisuguliwe kwa steeli waya wala majivu. Limau, siki na mchuzi wa nyanya visikae ndani yake kamwe, kwani tindikali huila enameli na kuifanya ififie. Na kwa kuwa enameli nyingi za zamani zina risasi, tindikali hiyohiyo huitoa risasi na kuiingiza katika chakula. Hapo nilikumbuka kachumbari zote tulizokula Krismasi. Bakuli sasa ni la kutazamwa. Kuhusu lile ua la kubandika, alinishauri nisiliondoe: halina madhara kwa mwili, linaonyesha kwamba kuna mtu aliyelijali bakuli kabla yetu, na kuliondoa bila fundi anayejua dawa sahihi kunaweza kuchukua na enameli ya kweli iliyo pembeni.

Kwa mtu mwenye chombo cha urithi ambaye hajui ameshika nini, ninalipendekeza duka hili bila kusita kwa upande wa ukaguzi. Kwa mnunuzi ninalipendekeza kwa sharti: afike asubuhi kukiwa na umeme, aombe taa iwashwe mbele yake, apitishe kidole chake mwenyewe kwenye ukingo, mdomo na mshikio, na asiondoke bila kadi. Duka hufunguliwa saa tatu asubuhi, na Jumapili limefungwa. Malipo ni fedha taslimu au kwa simu.

Niliporudi Mafinga siku ile ya kwanza nilimsomea mama yangu kadi ya bakuli, mstari kwa mstari, kwa kuwa macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Alisikiliza habari za dhahabu na za ua bila kusema neno. Nilipofika kwenye ufa wa joto alininyoshea mkono, akaniomba bakuli, akaupitisha ukucha wake ukingoni hadi ukanasa palepale ulipoanzia mstari. "Hapo ni mimi, mwanangu," alisema. "Baba yako alikuwa na homa, nikampelekea uji wa moto asubuhi, na vyombo vingine vyote vilikuwa vichafu. Nilisikia likilia. Nililifuta, nikalirudisha kabatini nikiwa nimeligeuzia upande ule ukutani."